Divai Ilikwenda Wapi

...na asiyeamini asiamini, kamba ile pale inaning'inia, aende akajaribu mwenyewe, mapigo sitini na moja ya kengele ya msiba, kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado umeshika nyundo iliyovunja kufuli la mnara, na hakuruka hata pigo moja, yeye Spika, aliyeacha shule darasa la sita kwa kutoelewana na hesabu, siku ile alihesabu kama karani wa benki, moja, akavuta pumzi, mbili, akavuta pumzi, na kila mtu aliyekuwa shambani asubuhi ile aliegemea jembe akahesabu naye, maana ndivyo walivyolelewa wote katika usharika huu, kengele ikilia polepole huulizi ni nani, unahesabu, ikipita kumi na tano unashukuru kwamba si mtoto wa mtu, ikipita hamsini unaanza kuwapitia wazee kichwani mmoja mmoja, na ilipogota sitini na moja ikanyamaza, bonde zima likajua ni mhunzi, mjomba wake, ndugu wa mama yake, na likajua pia kwamba mhunzi hakustahili kupigiwa hata pigo moja... na kwa hilo ndiyo leo kasimamishwa hapa, kwenye ngazi ya chini ya madhabahu, ndani ya koti la shemeji linalombana kwapani, macho ya watu mia mbili yamemganda mgongoni, na mchungaji mbele yake ameshika kitabu cha ibada kwa mikono miwili, kidole kwenye mstari, swali limeshasomwa lote, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, je, ndugu yetu, unakiri mbele za Mungu na mbele ya usharika huu kwamba umekosa... na jibu lake ni fupi kuliko chafya, ndiyo, nakiri, maneno mawili, jana mwinjilisti kamkaririsha kama kasuku, mara kumi na mbili, mpaka kasuku mwenyewe angelia, akishayasema mchungaji atamshika mkono, kwaya itaimba, atarudi kuwa mtu wa Meza ya Bwana, atarudishiwa kamba yake ya kengele, na yule mtoto kule benchi la pili, aliyevishwa gauni jeupe refu kuliko yeye mwenyewe, ataletwa kwenye beseni la ubatizo, maji yameshamiminwa, ameyasikia yakimiminwa, na mchungaji huyu ana sharika tano na pikipiki moja, akiondoka leo harudi mpaka miezi mitatu ipite, na mtoto wa aliyetengwa habatizwi, hilo halikuandikwa popote lakini ni gumu kuliko hizi ngazi, na mama mkwe wake kaja kwa miguu tangu alfajiri, na shuka la kubebea limepigwa pasi, na kila kitu kiko tayari isipokuwa mdomo wake, ajabu ya mwaka, Spika mzima, mtu wanayemwita hivyo kwa kuwa hajawahi kunyamaza hata akila, leo kashikwa na ububu.

Baba Mtoto, sema, ananong'ona mke wake huko nyuma, ananong'ona kwa koo la mwanakwaya, yaani hata popo wa darini wamesikia, na mtu upande wa wanaume anacheka kidogo puani, na mzee wa mashine anakohoa, kile kikohozi chake cha kikao, anakohoa mara mbili kama anayegonga meza, yuko pale pembeni ya madhabahu kwenye benchi la wazee wa kanisa, kofia juu ya goti, mwenyekiti wao, mwenye mashine ya kusaga, mtu ambaye hata Jumapili baada ya kuoga na kujipaka mafuta nyusi zake zina unga, na kama angekuwa mtu wa kucheka Spika angeshamwambia siku nyingi kwamba akifa hatahitaji sanda, wamviringishe tu kidogo kwenye pumba... lakini si mtu wa kucheka, na Spika hasemi, hakiri, wangemwambia aombe radhi kwa ajili ya kufuli angeomba, kufuli lilikuwa zima, halikuwa na kosa na mtu, lakini kengele? aombe radhi kwa ajili ya kengele? kengele ile nani aliitundika? mwaka ule boriti ya mnara ilipopasuka na kengele ikakaa chini kwenye majani kama kuku anayelalia mayai, wazee walikaa vikao vitatu, wakasali, wakaunda kamati, na mjomba akaja na vyuma viwili alivyovifua mwenyewe kwa siku mbili, akapanda, akafunga, akashuka, akasema haya, pigeni, na ndiyo hiyo wanayoipiga mpaka leo, wakizaliwa, wakioa, wakifa, vyuma vya mjomba ndivyo vinavyobeba, halafu mjomba mwenyewe anakufa Jumanne asubuhi na wazee wanasema hapana, aliyekufa akiwa nje ya Meza hapigiwi, haimbiwi, mchungaji haji kaburini, ni utaratibu, utaratibu! kana kwamba kengele ina masikio ya kusikiliza utaratibu... akachukua nyundo ya mjomba, ile ya mpini mfupi, akaenda.

Na mzee wa mashine alifika pigo la arobaini na nne, hilo analikumbuka vizuri, alifika anahema, kandambili moja mguuni na nyingine njiani, acha! acha kijana! unapiga kwa ruhusa ya nani? arobaini na tano, na Spika akamwambia, mzee, ngoja usinichanganye, nikipoteza hesabu nitaanza upya, arobaini na sita, na mzee akarukia kamba, na hapa ndipo watu husema Spika anatia chumvi, wasiamini, basi, lakini kengele ilipopanda ilipanda naye, mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa hewani, miguu haigusi chini, unga unamwagika kutoka kwenye suruali, pigo la arobaini na saba walilipiga pamoja, ndiyo maana lilikuwa kubwa kuliko yote, na aliposhuka hakusema tena acha, alikaa chini ukutani, akaishika miguu yake, akasema kwa sauti ambayo Spika hakuitegemea, sauti ndogo, ya mtoto, mama yangu alikwenda kaburini na soda mdomoni, unajua hilo? na Spika akapiga arobaini na nane.

Soda... haya, hiyo soda, kila mtu humu ndani anaijua hadithi ya soda na kila mtu anaijua kwa sababu aliisimulia yeye, hakuna aliyewahi kuisimulia kama yeye, miaka sita sasa, alikuwa na miaka kumi na minane, anasoma kipaimara na watoto waliomfika begani kwa sababu alikuwa amejichelewesha, na mjomba mbali na uhunzi ndiye aliyekuwa mtunza kanisa, anafagia, anabadilisha namba za nyimbo kwenye ubao, anaosha kikombe cha Meza ya Bwana kwa maji ya moto na kukifuta kwa kitambaa ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse, na divai ilikuwa inakuja na gari la mizigo mpaka duka la njia panda, chupa moja tu kila miezi mitatu, kwa ajili ya ile Jumapili moja ambayo mchungaji anafika na watu wanatoka vilimani huko saa mbili kwa mguu, wengine wanafunga kula tangu jana, wamesuluhishana na majirani waliogombana nao, maana huwezi kwenda Mezani na ugomvi wa mpaka wa shamba moyoni, na Jumapili ile mama yake mzee wa mashine alikuwa analetwa kwenye kiti, bibi kizee yule aliyekuwa na sauti ya kwanza ya kutoboa bati, vijana wanne wakimbeba kwa zamu, amekaa miezi minne kitandani, amesema nipelekeni Mezani halafu mniache nife kwa raha... na Jumamosi jioni mjomba hana divai. Chupa haikufika. Basi, haikufika, chupa ni kitu cha kuvunjika, usiulize. Na duka la njia panda halina nyingine, na jimboni ni safari ya siku nzima, na watu wameshaanza kufika, wanalala madarasani, bibi kizee ameshavishwa. Ndipo mjomba alipokwenda kwa jirani akanunua soda ya zabibu chupa tatu, akazimimina kwenye sufuria, akazipiga kwa mwiko mpaka gesi ikakata tamaa, akaonja, akasema tamu mno hii, itawacheka, akatia chai ya rangi kavu isiyo na sukari, akaonja, akatia ndimu kidogo, akaonja, akafumba macho, na Spika aliyekuwa ameshika taa akauliza, mjomba, ni yenyewe? na mjomba akasema, si yenyewe, mjomba, lakini watu wametembea.

Watu wametembea... hayo maneno hakuwahi kuyatia kwenye hadithi, hayakuwa yanachekesha. Alichotia ni mchungaji wa zamani, Jumapili yenyewe, na mafua yake, akiinua kikombe, akinywa, akisita, akinywa tena, na baada ya ibada akimwambia mjomba, divai ya jimbo safari hii imeboreka, haichachi kooni, hapo kwaya yote ilivunjika mbavu, aliisimulia kwenye mazoezi ya kwaya wiki tatu baadaye, akiwa juu ya benchi, anaigiza wote, mchungaji, wazee wakirudi kwenye viti wamefumba mikono na machozi ya toba, na tumbo la mwalimu wa kwaya likinguruma kwa soda, na msichana mmoja wa sauti ya pili alicheka mpaka akashika ukuta, akateleza nao mpaka chini, na Spika akajua hapohapo kwamba huyu ndiye atakayekuwa mama wa mtoto wake, na hakukosea, yule pale benchi la pili, leo hacheki... ndugu yetu, anasema mchungaji polepole, bila kuinua kidole kwenye mstari, ndugu yetu, tunakusikiliza, na ni mchungaji mzuri huyu, kijana, hana makosa, hakuwepo wakati wa soda, amekuta mambo yamekaa kama mawe ya jikoni na anapikia palepale alipoyakuta, na Spika anatikisa kichwa kama anayesema naja, naja, na kwenye mshumaa wa kushoto inzi anazunguka ukingo, anazunguka, haingii hatoki.

Na kama ni mambo ya imani yeye ana swali lake, tangu zamani analo, hakuna aliyewahi kumjibu, kama Mungu hakuona haya kukaa ndani ya divai, kwenye soda alishindwa nini, aliogopa gesi? mwalimu wao wa kipaimara aliwaambia si maji ya beseni yanayofanya kazi, ni Neno likiwa pamoja na maji, wakakariri, wakaulizwa mbele ya usharika mzima wakajibu kwa sauti moja, sasa Neno lilisemwa siku ile au halikusemwa? lilisemwa, mchungaji alilisema lote, na mafua yake, na bibi kizee akafungua mdomo kama kinda la ndege, akapokea, akasema amina ya sauti ya kwanza iliyotikisa bati, na Ijumaa yake akafa, anatabasamu, yeye Spika aliuona uso, alipiga kengele mwenyewe, themanini na tatu, huo ni uso wa mtu aliyedanganywa? lakini mzee wa mashine hakuuona hivyo, habari ilipomfikia kutoka kwaya, ilichukua siku tatu tu, alifunga mashine, watu wamejipanga na mahindi yao, akafunga, akaenda kukaa kaburini kwa mama yake mpaka jua likazama, na kesho yake akamwita mjomba barazani mbele ya wazee wote... na Spika alikuwa nje chini ya dirisha, alisikia kila neno. Soda uliweka wewe? Niliweka mimi. Ukamdanganya mchungaji na watu wa Mungu? Niliwadanganya, na naomba radhi, nitaomba hata mbele ya wote. Na yangeishia hapo, wazee wawili walishaanza kusogeza viti, ni mhunzi huyu, ni mtu wao, lakini mzee wa mashine akasema ngojeni, swali moja tu. Divai ilikwenda wapi? Na mjomba akanyamaza. Ilitoka njia panda, mwenye duka anathibitisha, ilipokelewa kwa jina lako, sasa ilikwenda wapi? Uliinywa? Sikuinywa. Basi ilikwenda wapi? Na mjomba akasema, langu nimelisema, hilo jingine siwezi kulisema mimi. Wakamwambia, basi mpaka siku utakapolisema. Wakamtoa Mezani.

Miaka sita! miaka sita mtu anakuja kanisani kila Jumapili ya Mungu, benchi la mwisho karibu na mlango, anaimba, anatoa, anasikiliza matangazo mpaka lile la ng'ombe aliyepotea, na Jumapili ya Meza watu wakisimama kwenda mbele yeye anasimama kwenda nje, taratibu, bila kununa, anakaa chini ya mnara, anapaka grisi vyuma vyake, mpaka wamalize, halafu anarudi kwa baraka ya mwisho, na kila mtu akirudi kwenye kiti anapitisha jicho kwenye benchi lile tupu na anajua, aliinywa yule, si mlevi lakini anaonja, wahunzi wote wanaonja kwa ajili ya moto, aliinywa, na watoto wakaifanya wimbo wa kuruka kamba, divai ilikwenda wapi, tumboni, tumboni, wakauimba nje ya karakana yake akipiga chuma, na yeye akiwapigia mdundo wa nyundo ili warukie vizuri... wakasema ni kiburi, kusema neno moja tu kunamshinda, kiburi cha wahunzi, na Spika akiwasikia alikuwa anawaka, aliwahi kupigana na mtu sokoni, jino la mtu lilitoka, alisema mjomba wangu ni mtu safi kuliko nyinyi nyote na unga wenu, alijipiga kifua, ndiyo, mbele ya watu alikuwa mtetezi namba moja, na siku ile ya kengele pia, sitini na moja, nani mwingine angethubutu? mama yake alimwambia, umemzika kaka yangu vizuri, mwanangu, akamshika uso kwa mikono yote miwili, na yeye akayageuza macho pembeni.

Kwa nini aliyageuza pembeni.

Moto pale mbele ni mshumaa tu lakini anasikia jasho... sema basi, Spika, anasema mtu upande wa wanaume, kwa utani, kwani leo umeme umekatika? na watu wanacheka kidogo, wanataka kumsaidia, ni watu wazuri hawa, hilo ndilo linalouma, ni watu waliomzika baba yake kwa michango ya mahindi, waliomwezekea mama yake nyumba kwa siku moja, kwaya inapiga bati, wazee wanabeba maji, mzee wa mashine mwenyewe aliwasagia bure mwaka mzima na hajawahi kulitaja, hajawahi, na kama ni watu wazuri basi nani... nani aliyesema kwanza kwamba mjomba aliinywa? hebu aanze mwanzo, anajua kuhesabu sasa. Mazoezi ya kwaya, yuko juu ya benchi, amemaliza mchungaji, amemaliza machozi ya toba, yule msichana yuko chini kashika ukuta, na mtu anauliza, haya Spika, na divai je, divai ilikwenda wapi? Na kwaya yote inamtazama. Hilo swali liliulizwa kwa mara ya kwanza pale, si barazani. Liliulizwa kwake. Na alikuwa na majibu mawili, moja la kweli na moja la kuchekesha, na yule msichana alikuwa anamtazama kwa macho yenye machozi ya kicheko, na akasema, akijishika tumbo, akiyumba kidogo juu ya benchi, muulizeni mjomba, Jumamosi ile alilala mapema sana. Wakafa kwa kicheko. Wakafa. Ni pale, hapakuwa na mzee wa mashine, hapakuwa na utaratibu, ni yeye na benchi.

Na mjomba alijua, atajidanganya mpaka lini, alijua siku ileile, mwalimu wa kwaya alimwambia, na Spika alipokwenda karakana kesho yake, mjomba alikuwa anafua bawaba, hakuinua kichwa, alisema, nasikia uliniigiza vizuri, mpaka kuyumba, na akacheka, alicheka kweli, halafu akasema, mama yako ameshakununulia viatu vya kipaimara, eh? Ndiyo, mjomba. Vinakutosha? Vinatosha. Basi vaa viatu vyako, mjomba. Ndiyo hivyo tu. Kijana aliyetajwa kwenye shauri la Meza asingewekewa mikono mwaka ule, na mama yake alikuwa ameshaalika watu, na mjomba akakaa nje ili yeye apige magoti ndani na viatu vipya, na kipaimara kikapita, akadhani mjomba atasema sasa, hakusema, akadhani yeye mwenyewe atasema, Jumapili ijayo, baada ya mavuno, baada ya kuoa, na mjomba hakuwahi kumkumbusha hata kwa jicho, hata mwezi ule wa mwisho kifua kilipombana, Spika alikwenda kukaa kitandani kwake ili aseme, alikwenda na hilo neno limemjaa kinywani kama maji ya kusukutulia, na akaishia kusimulia jinsi mbuzi wa mwinjilisti alivyokula daftari la mahudhurio, na mjomba akacheka mpaka akakohoa damu kidogo kwenye kitambaa, akasema, wewe, we mtoto wewe, utaniua kabla ya siku, akamshika mkono, akaugeuza, akaangalia kiganja, lile kovu, akakifumba tena. Na Jumanne akaondoka. Na Spika akachukua nyundo akaenda kupiga kelele kuliko mtu yeyote aliyewahi kupiga kelele katika bonde hili, sitini na moja, ili bonde zima lisikie kila kitu isipokuwa lile moja.

Lile kovu... mchungaji amehamisha uzito wa mwili kwenda mguu mwingine lakini kidole hakijahama, maji kwenye beseni yametulia kabisa, yana dirisha ndani yake, mtoto anaanza kulialia, ule mlio wa kuanza ambao bado haujaamua, na mzee wa mashine amemtazama, si kwa hasira, Spika anauona uso huo kwa mara ya kwanza labda, ni uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kitu kuhusu mama yake, kwamba hakuchezewa, kwamba aliyemwekea soda hakuwa amelewa divai yake akamdhihaki, kwamba alikuwa mtu aliyesimama jikoni ana hofu, anaonja, anafumba macho, kwa sababu watu wametembea... miaka sita mzee huyu anauliza swali moja, ilikwenda wapi, na wao wote walidhani anauliza ili kuadhibu.

Kwa kengele haombi radhi. Hilo liko palepale, wamsimamishe hapa mpaka mshumaa uishe, wamlete na askofu, kengele aliipiga na akipewa kamba kesho ataipiga tena, mjomba alistahili sitini na moja na alistahili mamia, na wakimfukuza kwa hilo mtoto atangoja miezi mitatu, Mungu atamngoja, hana pikipiki ya kuwahi. Lakini hawezi kusema ndiyo nakiri kwa ajili ya kitu pekee alichowahi kufanya vizuri, na akanyamaza kwa kile kingine... maneno mawili haya, yana nafasi ya jambo moja tu, na si hilo walilomletea.

Unakiri? anauliza mchungaji mara ya pili, taratibu, kidole palepale.

"Nakiri," anasema Spika, na nyuma yake benchi zima la pili linashusha pumzi, na mwalimu wa kwaya anainua mikono. "Ngoja, mwalimu, shusha mikono. Si kengele. Kengele nilipiga na sijuti, mzee, nisamehe kukupandisha hewani, lakini sijuti. Nakiri divai. Ilikwenda kwenye mteremko wa kisimani, pale kwenye kona, pako mpaka leo ukichimba utakuta vigae. Mjomba alinituma njia panda na baiskeli yake, gunia na kamba ya kufungia chupa ameniwekea kwenye kikapu, akaniambia, shika usukani kwa mikono miwili. Na kwaya ya wasichana walikuwa wanatoka kisimani, na mmoja wao, yule pale, alinitazama. Nikaachia mikono yote. Mjomba hakuonja hata tone. Nilirudi kwake na kiganja kimechanika na rimu imepinda, na hakuniuliza chupa. Aliniuliza, umeumia wapi."